Kuni Zilizocheka Jikoni kwa Kukhu

Nilipokuwa msichana wa darasa la tatu, nilizijua tabia za kuni kuliko nilivyolijua jedwali la kuzidisha. Jedwali nilifundishwa na mwalimu kwa fimbo. Kuni nilifundishwa na kukhu, na yeye hakuhitaji fimbo, jicho lake lilitosha. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu Kakamega, na wangu aliitwa Berita. Alikuwa mama wa mama yangu, mjane mwenye ng'ombe mmoja, shamba la mahindi, kuku wa kuhesabika, na jiko la kuta za udongo lililojengwa peke yake nyuma ya nyumba. Kutoka kwake hadi soko la Khayega ungeweza kutembea na kurudi kabla chai haijapoa, au ndivyo alivyoniambia kila aliponituma.

Kwa kukhu, mti kukauka hakukuupa ruhusa ya kuingia jikoni. Murembe, ule wenye miiba na maua mekundu, ukichomwa nyumbani watu wa boma hilo watagombana mpaka wagawane sufuria. Mkuyu ukichomwa, kuku wataatamia mayai na hawataangua kitu. Ukuni ulitakiwa kuingia motoni kwa upande wa shina kwanza, kwa sababu ukitanguliza ncha kuna mwanamke mahali fulani atakayejifungua mtoto anayetanguliza miguu. Na msichana akisukuma kuni kwa mguu, ataolewa mbali na kwao. Hilo la mwisho nililifanya mara kadhaa mikono yangu ikiwa na unga, na leo naishi Machakos.

Lakini mti aliouwekea sheria kali zaidi ulikuwa saiprasi. Saiprasi ndio mti wa ua huku kwetu. Ni mti laini, hukua haraka, hupogolewa kila mara, na matawi yake yakikauka huwa mepesi hata mtoto anaweza kujitwika mzigo mkubwa akatembea nao akiimba. Hushika moto upesi na kutoa harufu nzuri, kisha huanza kupasuka, pa, pa-pa, cheche zinaruka mpaka mlangoni. Siku hizi najua ni utomvu unaochemka ndani ya mti. Kukhu alisema moto unacheka, na moto ukicheka, mgeni yuko njiani.

"Huo mti unaitanga watu," aliniambia. "Na unga yenyewe iko kidogo. Ukiniletea saiprasi hapa, hao wageni utawapikia wewe."

Kwa hiyo kila Jumamosi tulipotoka msituni na wasichana wenzangu, kila mmoja na mzigo wake juu ya ngata ya majani ya mgomba, kukhu alinikagua uani kabla sijatua. Alichomoa ukuni mmoja mmoja. Aligonganisha miwili na kusikiliza. Ukuni mgumu ulilia kwa sauti kali, na hapo aliitikia kwa kichwa. Ukuni laini ulitoa sauti ya kitu kilichodondoka kwenye majani, naye aliutupa nje ya ua. Wenzangu walinicheka kwa sababu mzigo wangu ulikuwa mdogo kuliko yao wote. Mimi nilijivunia, maana shingo yangu ilijua uzito wake.

Sasa nieleze habari ya mama yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na sababu ya kuvunja sheria.

Mama yangu, Jeska, alikuwa akisuka nywele katika saluni ya mtu huko Thika. Alikuja Krismasi ya mwaka ule na habari kwamba amepata chumba na anataka kunichukua nikasome huko. Kukhu alikataa. Alisema mtoto hawezi kulelewa kwenye chumba kimoja chenye mlango unaotazamana na choo cha watu wengine. Mama alisema yeye ndiye aliyenizaa. Kukhu akauliza, na anayeamka usiku mtoto akikohoa ni nani? Maneno yaliendelea hivyo, kila moja likizidi lililotangulia, nami nimekaa kwenye kigoda katikati yao nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyenituma nimenye. Mwishowe mama alichukua begi lake akasema hatakanyaga tena boma lile.

"Basi utakuja kunizika," kukhu akamjibu.

Mama akaondoka. Sikukuu ilikuwa haijaisha na mkate ulikuwa bado mezani.

Likizo ya Aprili ilikuja, mama hakuja. Alikuwa akipiga simu kwa Mama Ayub, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mwenye simu pekee upande ule wa kijito. Mama Ayub alikuja mbio akiwa ameishika simu mbele yake kwa mikono miwili. Mimi niliongea. Kukhu alisimama palepale ananitazama mdomo, na simu ilipoelekezwa kwake alitikisa kichwa.

"Mwambie niko shamba," alimwambia Mama Ayub, kwa sauti ambayo hata mtu wa Thika angeisikia.

Na tangu Krismasi hiyo kukhu alikuwa amenyamaza. Hakuwa mkali, alinipikia na kuniogesha kama kawaida, ila zile nyimbo alizoimba akikamua ng'ombe zilikwisha. Nyumba ilikuwa kimya, nami niliuchukia ukimya ule. Nilimtaka mama. Nilimtaka kila siku, hasa jioni, na sikujua nimwambie nani, kwa sababu kumwambia kukhu ilikuwa sawa na kumchagua mama, na sikutaka kumchagua yeyote.

Ndipo likizo ya Agosti ikafika, na mvua nayo. Kuni za msituni zilikuwa zimelowa mpaka ndani, ukiziweka motoni zinatokwa na povu. Wakati huohuo Mama Ayub alikuwa amekata ua wake wote wa saiprasi ili aweke seng'enge, na matawi yalikuwa yamekaa chini ya paa la zizi lake wiki nyingi, makavu kabisa, hayana kazi. Niliyatazama kila nilipopita. Jioni moja nikamuuliza kukhu, kwa ule ujanja wa watoto unaoonekana na kila mtu:

"Kukhu, moto ukicheka, mgeni anaweza kutoka mbali? Kama Thika?"

Kukhu alikuwa akichambua maharagwe. Mikono yake haikusimama.

"Moto hauchagui, mwana wanje," akasema. "Unaita tu. Anayesikia anakuja."

Kesho yake, alipokwenda kukamua, nilivuta matawi machache kutoka kwa Mama Ayub, nikayavunja mafupi na kuyaficha chini ya kuni ngumu. Nilitanguliza upande wa shina, maana sikutaka matatizo mengine. Moto ulicheka. Ulicheka vizuri sana, cheche moja ikatoboa gauni langu, nami nikasimama nikiangalia mlango kana kwamba mama atatokea kabla maji hayajachemka. Kukhu aliingia na kibuyu cha maziwa. Alinusa hewa. Alinitazama, akautazama moto, kisha akakaa na kuanza kukoroga uji. Niliona ajabu kwamba hakusema kitu, lakini mtoto aliyeponea chupuchupu haulizi maswali.

Asubuhi iliyofuata mgeni alikuja. Alikuwa Kuka Zablon.

Kuka ni babu, na huyu alikuwa mdogo wake kukhu, anayeishi Navakholo kwenye mashamba ya miwa. Alishuka kwenye boda boda akiwa na fungu la miwa begani na njaa ambayo sijaiona kwa binadamu mwingine tangu siku ile. Kwetu mgeni kama huyo hapewi mboga. Jogoo alichinjwa, obusuma, yaani ugali, ukapikwa mlima mzima, na firigisi ya jogoo, ambayo sisi huiita imondo, ikawekwa kwenye sahani ya Kuka peke yake kama desturi inavyotaka. Imondo ni ya mwanamume mwenye heshima. Mwanamke hata kuinyooshea mkono ilikuwa aibu. Kuka aliitafuna polepole, macho ameyafumba, akasema ataondoka mvua ikikatika. Mvua ya Agosti huku kwetu haina mpango wa kukatika.

Niliona moto umekosea mtu, basi nikaurudia. Safari ile walikuja akina mama wa kanisa, wengi, wakiongozwa na mwanamke mnene mwenye kicheko, wakisema walikuwa wakipita tu wakahisi kumsalimia dada Berita. Walikunywa chai ya sufuria mbili. Nikachochea tena, na akaja binamu wa marehemu babu kuulizia ng'ombe aliyepotea miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Kila aliyeshuka njiani nilimkimbilia, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nikisalimia kwa heshima zote, nampokea mzigo, kisha nakwenda nyuma ya jiko kulia kidogo.

Lakini lipo jambo nililoliona hata katikati ya machozi. Kukhu alikuwa ameanza kuimba. Alilalamika unga unakwisha, akalalamika kuku wanakwisha, akamwambia Kuka Zablon tumbo lake lina shimo, na wakati analalamika uso wake ulikuwa unang'aa. Akina mama wa kanisa walipoimba naye aliwashinda kwa sauti. Usiku nyumba ilikuwa na pumzi za watu, Kuka akikoroma sebuleni, na mimi nililala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala tangu Krismasi.

Hata hivyo unga ulikwisha kweli. Mahindi mapya yalikuwa bado mabichi shambani, na siku tulipokula mboga ya mrenda na viazi vitamu kwa sababu Kuka alikuwa amemaliza obusuma wote, niliona nimeharibu. Nikaamua kuacha. Matawi yaliyobaki niliyarudisha kwenye zizi la Mama Ayub, nikaingiza jikoni kuni ngumu tupu, nikazigonganisha mwenyewe kuhakikisha.

Na moto ukaendelea kucheka.

Nilidhani nimelogwa. Mchana mmoja nilitoka kijitoni na maji kichwani, nikafika mlango wa jiko bila kelele kwa sababu ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Kukhu alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga. Mapajani alikuwa na rundo la saiprasi. Alivunja kijiti, akakiingiza motoni, akasubiri kipasuke, kisha akainama karibu kabisa na moto na kuuambia kwa sauti ya mtu anayemwelekeza dereva:

"Jeska. Jeska wa Berita. Huyo wa Thika, wa saluni. Si hawa wengine."

Akavunja kingine. Pa-pa. "Jeska," akasema tena. "Umesikia?"

Nilirudi nyuma polepole na maji yangu, nikaenda kukaa chini ya mnazi wa mapambo wa Mama Ayub, ambao haukuwahi kuzaa nazi hata moja, na nikacheka huku maji yananimwagikia shingoni. Sikuwa peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili miezi yote ile, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kilekile. Furaha niliyoipata pale nimeipata mara chache sana katika maisha.

Sasa moto, pengine kwa kuelekezwa, ulifanya kazi yake kwa njia ambayo kukhu hakuipanga.

Ijumaa ya wiki hiyo akina mama wa kanisa walirudi. Safari hii walikuja na maombi yao ya mwezi, na kwa sababu mvua ilitisha walibeba turubai kubwa la kanisa na viti vya plastiki, wakavisimamisha uani. Kuka Zablon, aliyekuwa sasa kama mwenye boma, aliwasaidia kukaza kamba. Moshi ulikuwa mwingi, sufuria kubwa ilikuwa ya kuazima, na nyimbo zilikuwa zile za polepole. Yeyote aliyelelewa huku kwetu, akipita barabarani na kuona turubai, viti, moshi na wanawake wa kanisa wakiimba polepole nyumbani kwa mjane mzee, hahitaji kuuliza. Hayo ni matanga.

Mpanda boda boda mmoja alipita, akaona, akavua kofia. Alipofika Khayega akasema. Sokoni alikuwepo msichana aliyesoma na mama yangu, naye akampigia simu Thika: "Jeska, pole. Kwenu kuna turubai." Mama akapiga simu ya Mama Ayub mara nyingi. Simu ilikuwa imezimika, iko kwenye duka la kuchajia sokoni, inangoja foleni yake. Mama akaenda kituoni akapanda basi la kwanza alilolipata.

Jumamosi, jua likiwa limechomoza vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile, mimi na kukhu tulikuwa jikoni. Kuka alikuwa ameketi nje chini ya turubai, maana akina mama walikuwa hawajarudi kulifungua. Tukasikia boda boda inasimama njiani, kisha sauti.

Kwetu mtu hafiki matangani kimya. Binti anaporudi kumzika mama yake huanza kulia tangu barabarani, na analia kwa maneno, anamwita marehemu na kumwambia kila kitu, mbele ya watu wote. Ndivyo mama yangu alivyoingia. Alikuwa ametupa viatu, leso aliyojifunga imelegea, mikono ameiweka kichwani, anayumba kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine. Nyuma yake mpanda boda boda aliyemleta alisukuma pikipiki huku amebeba begi lake na yeye pia anafuta machozi.

"Mama wee!" mama alilia kwa lugha yetu. "Mama Berita, umeniacha na maneno yangu mdomoni!"

Niliinuka kukimbia. Nilihisi gauni langu limeshikwa kwa nyuma. Kukhu alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mwiko mkono mmoja, mimi mkono wa pili.

"Kukhu, ni mama!" nikanong'ona.

"Najua," akasema. "Ngoja amalize."

Na tukasikiliza. Kuka Zablon alijaribu kusema kitu kule nje, akainua mkono, lakini mama alimwangukia kifuani na kumlilia, naye akabaki amemshika, hajui aanzie wapi. Majirani walisikia. Mama Ayub, ambaye asubuhi ileile alikuwa ameazima chumvi kwa kukhu mwenyewe, alitoka kwake akipiga mayowe kwamba Berita amekufa baada ya kumpa chumvi. Watu walikimbia kutoka kila upande.

"Nani ataniambia nimekonda?" mama alilia. "Nani atanikataza? Nilikujibu vibaya, mama. Nilikujibu mbele ya mtoto. Nilifika Thika na kila usiku nikitaka kurudi aibu inanishika. Ulimlea wangu kama ulivyonilea mimi, peke yako, hukuchoka. Mimi ndiye niliyechoka! Na leso nilikununulia mama, tangu Pasaka iko kwa begi, nilisema nitaileta mwenyewe. Sasa nitamfunga nani?"

Nilimtazama kukhu. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kidevu, naye hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi. Sikuweza kujua kama anataka kulia zaidi au kucheka. Aliniachia gauni. Akafungua mlango wa jiko na kutoka juani, mwiko bado mkononi na obusuma umeganda kwenye ncha yake.

"Hiyo leso," akauliza, "iko rangi gani?"

Nimeona watu wakishtuka maishani, lakini sijaona kitu kama kile. Mama alipiga ukelele uliowanyamazisha ndege. Mpanda boda boda aliangusha pikipiki na begi akarudi barabarani kwa miguu yake. Mama Ayub alikaa chini pale alipokuwa, matopeni. Na Kuka Zablon, aliyekuwa peke yake na akili zake muda wote ule, akasema kwa uchungu, "Nilikuwa nataka kuwaambia, hamnipi nafasi."

Mama alimkaribia kukhu polepole. Alimgusa bega. Akamgusa shavu, lililokuwa bado limelowa. Kisha akaanza kumpiga kwa viganja vya mikono, mapigo madogo yasiyoumiza, kama mtoto aliyeamshwa.

"Unasimama hapo unanisikiliza! Mama! Unaniachanga nilie hivyo na wewe uko mzima!"

"Nani mwingine ashawahi kusikia matanga yake?" kukhu akasema. "Ningekukatiza ungeniambia lini hayo?"

Hapo mama alicheka. Alianza kucheka katikati ya kwikwi, akashindwa kusimama, akajishikilia kwa kukhu, na kukhu akajishikilia kwake, mwiko ukampaka mama unga mgongoni mwote. Mimi niliwafikia na kuingia katikati kwa nguvu. Majirani walianza kucheka mmoja baada ya mwingine. Mpanda boda boda alirudi akichungulia kwenye ua, na alipoambiwa aje, alikuja akipitia mbali na kukhu.

Leso ilikuwa ya kijani yenye maua meusi. Kukhu alisema kijani hakimfai, akaifunga palepale.

Jogoo wa mwisho alichinjwa mchana ule. Mama Ayub alileta unga, wengine wakaleta sukari na ndizi, maana walikuwa wamekuja matangani na hakuna aliyetaka kurudi nyumbani na njaa. Chakula kilipoiva kukhu alipakua mwenyewe. Nilimwona akiitafuta imondo kwenye mchuzi kwa mwiko mpaka akaipata. Kuka Zablon alikuwa tayari amenyoosha sahani. Kukhu akampita. Akaiweka imondo kwenye sahani ya mama yangu.

Mama aliitazama sahani yake na hakuthubutu kuigusa.

"Berita," Kuka akasema, "hiyo ni yangu."

"Wewe umekula za kutosha mwezi huu," kukhu akajibu bila kugeuka. "Leo mwenye heshima ni huyu. Amesafiri usiku mzima kuja kunilaza vizuri. Kula, Jeska."

Kukhu hakuwa mtu wa kusema samahani. Sijawahi kulisikia neno hilo likitoka kwake. Lakini watu wote waliokaa chini ya turubai lile walielewa walichokiona, na mama alielewa zaidi yao. Aliikata imondo kwa meno, akala nusu, nusu nyingine akanipa mimi. Nikaitafuna macho nimeyafumba kama Kuka. Kusema kweli ni ngumu, na haina ladha kubwa kiasi hicho.

Jioni waliongea wawili wao, bila kupandisha sauti. Waliamua nibaki kwa kukhu hadi nimalize darasa la nane, na kila likizo nipande basi kwenda Thika, au mama aje. Alikuja. Alikuja hata katikati ya muhula, bila kualikwa na mtu wala moto, mpaka kukhu akaanza kulalamika kwamba huyu mtoto hana kazi huko mjini.

Watu wa rika langu huniuliza kama ninaamini mambo ya kuni. Ninajua jinsi mama alivyofika. Alifikishwa na turubai, na mdomo wa mpanda boda boda, na simu iliyozimika. Bado nikifikiri ni nini kilichowajaza watu wale uani mpaka likahitajika turubai, narudi kwa wanawake wawili, mmoja mzee na mmoja mdogo, kila mmoja akichochea kwa siri ili mtu wao aje. Pengine imani za namna hii zilibuniwa na watu wenye kiburi kama sisi, wanaotamani kuita na hawawezi kufungua mdomo. Moto unawasaidia kusema. Sioni ubaya wake.

Kukhu aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki kweli, alifariki asubuhi, kitandani kwake, mama akimlisha uji. Turubai lilisimamishwa, akina mama wa kanisa wakaimba, na jamaa walipokuwa wakifika walilia tangu barabarani kama inavyotakiwa. Watu walimsubiri mama yangu. Wakati wake ulipofika aliinuka, akaliwekea jeneza kiganja cha mkono kwa muda, akarudi kukaa. Hakutoa neno. Minong'ono ilipita kwenye viti, kwamba binti gani huyu asiyemlilia mama yake.

Nilimwinamia sikioni nikamuuliza kama yuko sawa.

"Niko sawa," mama akaniambia. "Mimi nilishamwambia yote. Na alisikia."